Niachie Kelele Kidogo

Mzee alivua hedifoni baada ya dakika kumi na mbili. Nilikuwa nimeangalia saa, maana wiki iliyotangulia alivumilia kumi na tano, na miezi michache nyuma tulikuwa tukikaa saa nzima na ushee. Akaziweka mezani taratibu, akajifikicha masikio, akasema amechoka. Hakusema hasikii. Mtu aliyekula kwa masikio yake karibu miaka thelathini halitamki neno hilo kirahisi.

Tulikuwa barazani kwake Raskazone, Tanga, saa mbili za usiku, redio iko katikati yetu juu ya stuli. Ni Yaesu FT-817, boksi dogo linaloingia kwenye mkoba wa shule, kilo moja na kidogo pamoja na betri zake, linalopokea, na likirusha hurusha kwa wati 5 tu. Taa iliyokuwa ikiwaka juu ya vichwa vyetu ilikula umeme zaidi ya hapo. Kwa wati hizo hizo, na waya wa mita 20 niliouvuta kutoka kwenye mwembe hadi pembe ya paa, tumezungumza na watu wa Italia, Afrika Kusini na India kwa alama za Morse.

Hii ndiyo redio ya ridhaa. Unafanya mtihani, unapewa leseni na ishara ya wito, yangu inaanza na 5H kama nyingi za Tanzania, kisha unaruhusiwa kurusha kwa mapenzi yako na si kwa biashara. Wazee wa hapa mitambo ya namna hii waliizoea kwa jina la redio ya upepo, ile ya polisi, ya misheni na ya mashamba ya mkonge. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, kibanda changu kiko Ngamiani, na Morse nilifundishwa na huyu Mzee. Alikuwa afisa wa redio kwenye meli za mizigo tangu miaka ya sabini mpaka kazi yenyewe ilipofutwa. Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa usalama wa baharini, wa setilaiti na mitambo inayoitana yenyewe, ulikamilika kushika nafasi ya Morse, na meli hazikulazimika tena kubeba mtu wa kusikiliza. Alirudi nyumbani na sanduku moja. Ndani yake mlikuwa na kibonyezo cha Morse cha shaba na saa ya ukutani. Hiyo saa nitairudia.

Kilichokuwa kinamchosha ni kelele. Ukiwasha redio ya masafa mafupi mjini leo, kwenye megahezi 7 ambako tulikuwa tukikaa jioni, kabla hujasikia mtu unasikia mvumo mzito kama mafuta yanayochemka kwenye karai, na juu yake milio myembamba isiyokwisha, kila mmoja na ukali wake. Alama za Morse ziko chini ya hayo yote. Kijana huzichambua bila kujua kwamba anafanya kazi. Umri huanza kwa kuondoa sauti za juu, lakini linaloumiza zaidi ni kwamba sikio la mtu mzima hupoteza ule uwezo wa kutenga sauti moja na nyingine. Mzee ukimsemesha chumbani peke yenu anakusikia vizuri. Mpeleke harusini, anaitikia kwa kichwa tu. Nilimshushia mlio wa Morse hadi hezi 450, akapata nafuu ya wiki moja.

Nikajiona ninaijua dawa. Redio mpya zinazobebeka zina kipunguza kelele cha kidijitali ndani yake. Icom IC-705 iliyotoka mwaka 2020 unaigusa mahali pamoja tu na mvumo unazama. FT-817 ni ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na haina kitu hicho. Ina kitufe cha NB, ambacho hukata mipigo mifupi mifupi kama ya plagi ya pikipiki, lakini mvumo wa kudumu kinauacha ulivyo. Kampuni ya Uingereza iitwayo bhi ilikuwa ikitengeneza kadi ndogo ya kutia ndani ya redio hii, na niliitamani sana. Nilipojumlisha bei, usafiri na ushuru, nikaamua kujenga yangu.

Kabla sijanunua hata waya, umeme ulikatika mtaa mzima.

Usiku ule nautaja kwa kila kijana anayekuja kibandani kuniuliza habari za kupunguza kelele. Tulikuwa barazani vilevile, redio iko kwenye betri. Taa zikazimika, feni ya ndani ikapunguza mwendo ikanyamaza, na papo hapo mvumo ndani ya hedifoni ukaondoka kana kwamba mtu amefunga mlango wa mashine ya kusaga. Vistari vya kipimo kwenye kioo cha redio vilikuwa vimesimama S7 tangu jioni. Vikaanguka hadi S2. Na pale chini, mahali tulipokuwa tumekwishapita mara tatu tukidhani pako tupu, kituo kilikuwa kinaita, polepole, kwa mkono uliotulia, na bila shaka kilikuwa kikiita muda wote ule.

Mzee alinishika kiwiko gizani. “Zimekwenda wapi?” akaniuliza.

“Nini, Mzee?”

“Kelele. Umeme umekatika nyumbani kwetu, haukukatika mbinguni. Basi hizo kelele zilikuwa zinakaa wapi?”

Alinakili kwa dakika arubaini mfululizo kwa mwanga wa simu yangu. Umeme uliporudi alivua hedifoni mwenyewe, hakungoja kuchoka.

Kila hatua ya kile kipimo ni desibeli 6. Kutoka S7 hadi S2 ni hatua tano, yaani desibeli 30, yaani kelele zilizopungua nguvu mara 1,000. Hakuna kadi ya kidijitali inayoweza kukupa kiasi hicho bila kukuharibia sauti yenyewe, na hapa ilikuwa imepatikana bure kwa swichi. Niliona haya. Nilikuwa tayari kutumia fedha na miezi kadhaa kuchuja maji, na mtungi wenyewe tulikuwa tukiutia tope kwa mikono yetu.

Nikaanza kuwinda. Nilitembea na redio ndogo ya betri chumba kwa chumba, mjukuu wa Mzee akizima kifaa kimoja kimoja kwenye soketi na mimi nikisikiliza. Taa mbili za LED za sebuleni. Chaja ya simu ya bei ya chini isiyo na jina, iliyokuwa ikivuma hata simu ikiwa haipo. Ving'amuzi viwili. Na kubwa kuliko zote, kontrola ya sola ya nyumba ya pili, iliyokuwa ikianza mlio wake asubuhi jua likichomoza na kunyamaza magharibi. Vyote vina ugonjwa mmoja. Badala ya kupunguza umeme kwa transfoma nzito kama zamani, vinaukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato huzaa watoto wake juu zaidi, kila baada ya makumi ya kilohezi, mpaka huko kwenye masafa mafupi. Waya za nyumba zinageuka antena. Koili na kapasita za kuwazuia watoto hao zinajulikana na bei yake ni ndogo. Mtengenezaji anaziacha, naye anayelipa ni jirani, kwa masikio yake. Jambo hili linaniudhi mpaka leo.

Taa tulizibadilisha. Chaja niliivunja. Kwa vifaa vingine nilitumia zile shanga nene nyeusi zilizovaa waya za kompyuta za zamani; ni feraiti, na kibandani kwangu zilijaa ndoo nzima, watu wakizikata na kuzitupa bila kujua kazi yake. Waya ukiuzungusha ndani ya pete ya feraiti mara nane au kumi, mkondo wa umeme wa kawaida unapita, ule wa masafa ya redio unakwama. Jirani mwenye sola nilimwendea mchana na redio mkononi, nikamsikilizisha mlio wa kontrola yake mwenyewe. Alishangaa kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mgongo wake. Akaniruhusu kuzifunga waya zake pete sita, na mkewe akanitilia chai.

Ilichukua wiki mbili. Kipimo kikatulia S4 jioni. Mzee akafika dakika ishirini na tano.

Hapo ndipo kadi ya kidijitali ilipopata haki ya kuingia. Kilichobaki kilikuwa mvumo wa mji mzima, usio na nyumba moja ya kubishia hodi, na ngurumo za mbali ambazo jioni za masika hutambaa kutoka bara mpaka pwani.

Niliagiza Teensy 4.0, kadi isiyozidi kidole gumba kwa urefu, yenye chipu ya mwendo wa megahezi 600, pamoja na kadi yake ya sauti. Sauti niliichukua kwenye tundu la DATA nyuma ya FT-817, kwa sababu pale hutoka kwa kiwango kilekile hata ukizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Kadi huipima sauti ile mara 44,100 kwa sekunde. Redio ya mawasiliano haitoi kitu cha maana kupita hezi 3,000, kwa hiyo programu yangu huchuja kwanza, kisha hubakiza kipimo kimoja katika kila vinne. Huvikusanya 256, ambavyo ni kama milisekunde 23 za sauti, na kuvitandaza kwa hesabu ya Fourier katika vyumba vyembamba vya hezi 43 kila kimoja. Katika kila chumba programu inakumbuka kiwango kisichobadilika. Kinachokaa palepale inakiita kelele na kukipunguza. Kinachopanda na kushuka inakiacha kipite, kwa kuwa maneno ya binadamu na alama za Morse hupanda na kushuka.

Wazo hilo si langu wala si jipya. Steven Boll aliliandika mwaka 1979. Kuna njia nyingine ya zamani zaidi, iliyotokana na kazi ya Bernard Widrow na Ted Hoff katika Chuo Kikuu cha Stanford mnamo 1960: mashine inachelewesha sauti kidogo, kisha inajaribu kuibashiri sauti ya sasa kwa kutazama ile iliyopita. Mlio wa Morse unabashirika, kwa sababu unajirudia. Mchakarisho haubashiriki, kwa sababu haukumbuki ulikotoka. Inayobashirika inapewa njia, nyingine inaachwa nje. Warushaji wa ridhaa wa Marekani waliipata hii mikononi mwao mwaka 1992, Dave Hershberger alipochapisha kadi yake katika jarida la QST. Nilijaribu zote mbili. Ya kubashiri ilikuwa nzuri kwa Morse, ila sauti ya mtu ilitoka kama anazungumza kutoka ndani ya mtungi, na Mzee hupenda pia kusikiliza mazungumzo. Nikabaki na ile ya vyumba.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza nilipata somo ambalo ningepaswa kulijua kwa kazi yangu. Kadi inataka volti 5, betri yetu ni ya 12. Kibandani nilikuwa na vile vigeuza volti vidogo vya chipu ya LM2596, vya bei poa, visivyopata joto, kila fundi anavyo. Nikalehemu kimoja. Nilipowasha, kwenye megahezi 7.05 ukasimama mlio mnene kama honi ya meli. Nikahama, kilohezi 150 juu yake, mlio mwingine. Kilohezi 150 chini, mwingine. Chipu ile hukatakata umeme mara 150,000 kwa sekunde, na 7,050 ni 150 mara 47. Nilikuwa nimezunguka nyumba mbili nikiwaeleza watu kuhusu chaja zao, halafu kitu kilekile nimekilehemu kwa mkono wangu ndani ya kifaa cha kupunguza kelele.

Nikakitoa, nikaweka 7805, chuma kile chenye miguu mitatu ambacho kimo katika redio za kaseti za zamani. Hakikatakati kitu, volti 7 zinazozidi kinazigeuza joto tu. Kwa miliampea 100 ambazo kadi inakula, joto lenyewe ni wati 0.7, linatosha kukuunguza kidole, basi nikakifunga kwenye kipande cha bati. Miliampea 100 si mchezo kwa redio ya kubeba. Ni karibu robo ya kile FT-817 yenyewe inachokula ikiwa inapokea, na mtu wa kupanda nayo mlimani ataliona pengo hilo kwenye betri yake. Nilishusha mwendo wa chipu hadi megahezi 150, kazi ikaendelea vilevile, na matumizi yakapungua.

Bado kulikuwa na mnong'ono. Chipu ya kasi namna ile ni kituo kidogo cha redio kwa haki yake, na nilikuwa nimeilaza sentimita tatu kutoka kwenye kipokezi kinachotafuta sehemu ya mikrovolti. Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikalikata kwa mkasi wa bati, nikakunja kijisanduku cha ukubwa wa kiberiti cha jikoni. Kona zote nne nikazijaza lehemu mpaka mwanga usipite. Nilikitazama juani kuhakikisha. Waya wa sauti unaingia kwa tundu moja, wa umeme kwa tundu la pili, na kila mmoja una pete yake ya feraiti pale pale mlangoni. Nilipokifunga kifuniko mnong'ono uliisha. Nilikifungua na kukifunga mara tano sita, kwa raha ya kusikia tofauti.

Jumamosi ile nilikwenda Raskazone nikiwa nimekaza mtambo hadi mwisho, hatua ya nane katika nane. Mzee alivaa hedifoni. Nikawasha kwa swichi, na mvumo ukafa. Haukupungua, ulikufa, na ndani ya ukimya ule sauti za Morse zikajitokeza safi, zimeachana, kama nguo nyeupe kwenye kamba. Kando yake kulikuwa na vijisauti kama vifaranga vinavyolia mbali, ambavyo ni masalio ya hesabu ile, vipande vya kelele vilivyoponyoka peke yake. Mimi sikuvijali. Mzee alitabasamu. Alisikiliza dakika tano, akanakili mistari miwili, halafu tabasamu likaondoka taratibu, akakaa ameinamisha kichwa kama mtu aliyeingia nyumba anayoijua akakuta hamna watu.

“Una kile kijimtambo chako cha kupimia?” akaniuliza.

Nilikuwa nacho. Ni kioo kimoja cha kwatsi cha megahezi 7.030 na transista moja, kinachotoa wimbi dhaifu ambalo halitoki nje ya uwanja wa nyumba. Akamwita mjukuu wake, akamkabidhi kile kijimtambo pamoja na kibonyezo cha shaba, akamtuma jikoni. “Bonyeza,” akamwambia, “uhesabu moja mpaka nne polepole, uachie, uhesabu moja, ubonyeze tena. Mara kumi na mbili.”

Akanipa hedifoni mimi.

Mlio wa kwanza ulianza vizuri. Kisha ukaanza kuzama, kama mtu anayeshuka ngazi, na kabla ya sekunde ya tatu haukuwepo. Wa pili ukafanya hivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa mfupi zaidi. Programu yangu ilikuwa imeandikwa kwamba kinachokaa bila kubadilika kwa sekunde moja na nusu ni kelele, na ilikuwa inatii. Mzee akanyoosha mkono akazima swichi. Mvumo ukarudi wote, na ndani yake, mwembamba lakini umenyooka, mlio ukakaa mpaka mtoto alipoachia.

Ile haikuwa michezo ya mtoto. Milio kumi na mbili ya sekunde nne nne, yenye pengo la sekunde moja moja, ndiyo ilikuwa ishara ya hatari iliyotangulia SOS kwenye kilohezi 500, ili iamshe kengele ya mtambo katika meli nyingine ambako afisa wa redio amelala. Dakika nzima ya kubonyeza. Aliyeibonyeza mara nyingi chumba chake kilikuwa kimekwisha kuinama.

Ndipo aliponionyesha saa. Ilikuwa imetundikwa juu ya mlango wa sebule miaka yote niliyokwenda pale, nami nilidhani ile rangi ni pambo. Uso wake una vipande viwili vyekundu: kimoja kuanzia dakika ya 15 hadi ya 18, kingine kuanzia ya 45 hadi ya 48. Katika dakika hizo tatu tatu, mara mbili kila saa, kila meli na kila kituo cha pwani kilikatazwa kurusha chochote kwenye kilohezi 500. Wote walinyamaza na kusikiliza, iwapo kuna mnyonge mwenye betri ya dharura asiyeweza kusikika juu ya sauti za wakubwa. Kuna pia vipande viwili vya kijani, vya kilohezi 2182 za sauti.

“Dakika tatu zile hazikuwa kimya,” Mzee alisema. “Zilikuwa na kelele tele. Bahari usiku ina mvumo wake, radi za Kongo, za Brazili, unazijua mpaka tabia. Mtu dhaifu huyasikii maneno yake kwanza. Unasikia kelele zimejikunja mahali fulani, halafu ndipo unamwona. Sasa wewe umezing'oa zote. Kama zulia lenyewe umelitoa, mkunjo wake nitauonaje? Punguza, sikatai, mimi mtu mzima na ninachoka. Lakini niachie kelele kidogo.”

Nilirudi kibandani na daftari. Katika maandishi niliyokuwa nimejifunzia mlikuwa na jambo ambalo nililiruka kwa kuliona dogo. Mwaka uleule wa 1979, Berouti na wenzake walipendekeza kwamba usipunguze kelele hadi sifuri. Uweke sakafu, kiwango ambacho programu hairuhusiwi kwenda chini yake. Wao walikuwa wanatafuta kuwafunika wale vifaranga. Mzee alikuwa ameifikia sakafu ileile kwa njia ya bahari. Nikaweka mpaka wa desibeli 10, basi. Kumbukumbu ya kelele nikairefusha kutoka sekunde moja na nusu hadi kumi na mbili. Vifaranga vikazama ndani ya mvumo laini uliobaki. Tuliporudia jaribio la jikoni, milio yote kumi na miwili ilifika mwisho wake.

Halafu nilitaka kujua kweli tumepata nini. Nilimpigia Mzee makundi 40 ya herufi tano tano, dhaifu, nusu yake kadi ikiwa imewashwa na nusu imezimwa, bila yeye kujua ipi ni ipi. Idadi ya makundi aliyonakili sawasawa ilikuwa karibu ile ile pande zote mbili. Iliniuma siku hiyo, na sasa najua ndivyo ilivyo hata kwa vifaa vya kusaidia masikio: kupunguza kelele kwa njia hii mara chache sana kunaongeza maneno yanayoeleweka, kwa sababu mashine haina habari zaidi ya zile zilizokwisha fika sikioni. Kinachopungua ni jasho la kusikiliza. Usiku wa kwanza wa mpangilio ule mpya Mzee alikaa saa moja na dakika kumi. Alivua hedifoni kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

Kuna ambalo kadi hailiwezi kabisa, na ni vizuri anayetaka kujenga alijue. Radi ya karibu ikipiga, kile kirekebishaji cha nguvu ndani ya redio hushusha sauti yote ghafla na kuipandisha polepole, na katika pengo hilo herufi mbili tatu zimekwenda. Kadi yangu iko baada ya hapo. Inapokea kilichobaki. Jioni za masika tunapunguza upokezi kwa kitufe cha redio yenyewe kwanza, na mara nyingine tunazima tu tukazungumza.

Niliipandisha FT-817 hadi Irente, Lushoto, juu ya lile genge linalotazama nyika ya Mombo, nikafunga waya kwenye mti. Hakuna nguzo ya umeme karibu. Kipimo hakikuonyesha hata kistari kimoja. Niliwasha kadi, nikaizima, nikaiwasha, sikuona inachofanya. Nikaichomoa, nikairudisha mfukoni, nikafanya kazi na hedifoni tupu mpaka ukungu ulipopanda.

Kwa Mzee kijisanduku cha bati kimekaa chini ya redio kwa miaka kadhaa sasa, na hatua yake ni ya tatu katika nane. Swichi yake niliiweka mbele, kubwa, kwa ombi lake. Juzi nilikuwa naye barazani akiitana na kituo cha ng'ambo. Ilipofika saa mbili na robo aliinua mkono kutoka kwenye kibonyezo, akaigeuzia macho ile saa kupitia mlangoni, akazima swichi. Mvumo ukajaa hedifoni, ule mchafu, wote. Nilimwona amefumba macho, kidole chake kikizungusha kitufe cha masafa nywele moja huku, nywele moja huku. Mshale ulipotoka kwenye wekundu akaiwasha kadi, akainamia kibonyezo, akapiga ishara yake ya wito.